Mwenye Mvi Wake

Mbuya, Jumapili

Dada yangu Akeyo,

Huku kwetu hatujambo, ila mvua imelaza maharagwe yangu yote. Sasa nisaidie, maana wewe ulifundisha mashairi shuleni na mimi ni fundi cherehani tu.

Tangu Odur wangu astaafu jeshi, anaandikaandika. Juzi nikishona mfuko wa koti lake nilikuta karatasi:

*Mwenye mvi wangu, uliniacha lini?*
*Nabisha hodi, kijana ananifungulia.*

Dada! Mume wangu analilia mwanamke, tena bibi kizee! Angekuwa msichana wa baa za Kabalagala ningeelewa. Nikampelekea karatasi pamoja na chai.

"Nani huyu?"

"Ni wewe."

"Mimi niko hapa. Nimekuacha lini?"

"Kila Jumamosi, ukipaka nywele rangi. Tuliahidiana kuzeeka pamoja, Akech. Mbona nazeeka peke yangu?"

Sikujua nicheke au nilie. Kwani napaka kwa ajili ya nani, kama si yeye? Hilo ni shairi la mapenzi au ni mashtaka? Niambie, mwalimu, mimi limenishinda.

Jana ilikuwa Jumamosi, na kopo la rangi sikulifungua. Mvi zilichungulia kwenye kipaji cha uso. Odur aliziona leo asubuhi, akaenda dukani. Aliporudi alikuta mlango wazi, lakini hakuingia. Alisimama nje akabisha hodi.

Miaka thelathini na miwili, Dada, hajawahi kubisha. Nilijipangusa mikono mara tatu kabla sijasema karibu.

Mdogo wako,
Akech