Bunduki Kuukuu Imeishinda Mpya

Nyamisangura,
Tarime.
14 Novemba 2024.

Mpendwa Mjomba Ngeleja,

Shikamoo. Leo nimetimiza miaka mitatu na miezi miwili tangu nitoke Ngudu. Goti lako linaendeleaje? Na Mama Domitila, kikohozi kimepoa? Mimi mgongo unauma na vumbi la mawe limenikausha koo, lakini barua hii naiandika nikicheka.

Unajua nalinda karasha, mashine ya kusaga mawe ya dhahabu, kwa shotigani kuukuu ya pampu. Mwezi uliopita bosi wetu, Mokami, alinunua mpya akampa mlinzi mwenzangu, Heche. Akatangaza kwamba bunduki moja inatosha: itakayoshindwa kwenye ukaguzi itaondolewa, na mlinzi wake atashuka duarani, kwenye shimo la machimbo, kubeba mawe. Kwa mgongo huu, mjomba, nisingemaliza wiki.

Sikufichi, ile mpya ni nyepesi, na kitako chake cha plastiki hakivimbi mvua ikinyesha kama mti wa yangu. Lakini nilipoishika nilijua. Skrubu zimeshaanza kulegea, na mkono wa kukokea unachezacheza kama jino bovu. Yangu ni chuma kitupu. Ukikoki unasikia mlio mmoja tu, mzito.

Tena Heche aliiacha kwenye nailoni ya dukani, eti isichakae. Nailoni ikatoa jasho, kutu ikaingia, naye akaipaka grisi ya karasha. Nikamwambia, "Heche, hiyo ni ya beringi." Akanijibu, "Mzee Msukuma, wewe na hilo gobore mlizaliwa mwaka mmoja?" Wasaga mawe wote wakaangua kicheko.

Jumatatu tukapiga mbele ya askari mkaguzi, risasi tano kila mtu. Heche alipiga mbili. Ya tatu, ganda likagoma kutoka. Akavuta, akavuta, mpaka kile kidole cha kung'oa ganda kikakatika. Kilikuwa chembamba kama ukucha wa kuku. Grisi ilichangia, nakubali, lakini grisi haivunji chuma cha kweli.

Yangu ilikuwa imekula vumbi lile lile. Tano zote, mjomba! Maganda yakaruka moja moja. Mokami akavua kofia: "Msukuma, hilo lizee lako lina adabu kuliko sisi wote."

Ile mpya imerudishwa dukani. Heche nilimwombea asishuke duarani, tushike hii kwa zamu, na Mokami na mkaguzi wakakubali. Namfundisha kuisafisha ulivyonifundisha kule kwenye jineri ya pamba: tambara, mafuta kidogo, tambara kavu. Siku hizi ananiita tata, yaani baba kwa Kikurya.

Na kwa kuwa sasa nina wa kunipokea, Mokami amenipa likizo, ya kwanza tangu nifike huku.

Nisalimie Mama Domitila, Oswaldi na mke wangu Rahabu. Mungu awalinde mpaka tuonane. Mwambie Rahabu nitashuka Ngudu Jumamosi, tarehe 21 Desemba.

Ni mimi mpwa wako anayekupenda sana,
Masanja.