Doa la Nyuma ya Kiti cha Baba

Mdogo wangu mpenda usingizi,

Nimempeleka Mama kwa msusi akatolewe rangi kichwani. Mapazia niliyoshona kwa yale mashuka ya zamani yako kitandani kwangu, yatundike. Brashi ya rangi ioshe vizuri, hatuna hela ya kununulia nyingine. ~~Ukuta wa sebuleni upige rangi mkono wa pili.~~ Hapana, uache.

Unalikumbuka lile doa jeusi nyuma ya kiti cha Baba, pale alipokuwa akiegemeza kichwa? Mama alimgombeza miaka nenda miaka rudi: "Unanichafulia ukuta!" Basi leo alfajiri, na kiherehere changu, nikalisugua kwa msasa, nikapaka rangi. Nilidhani namfurahisha.

Mama alipoamka hakupiga kelele. Alikirudisha kiti mahali pake, akakikalia kwa mara ya kwanza tangu tulipomzika Baba, akaegemeza kichwa kwenye rangi mbichi.

"Alikuwa amebaki hapa tu," akaniambia. "Na hapa napo umemfuta."

Nimelia mpaka sauti imekauka. Usinicheke.

Ukutani sasa kuna alama ya kichwa cha Mama. Hiyo, ole wako ukiigusa.

Dada yako