Miraa Tuliyomfungia Mama Kijiko

Kaka yangu Mwenda,

Barua hii sikuifunga. Mama anasema askari wa rumande husoma kila kinachoingia, kwa hiyo nimeona heri niiache wazi tangu mwanzo, nao waisome. Na kama yuko mtu mwingine hapa Isiolo mwenye ndugu yake humo ndani, aisome pia. Huenda anatafuta kile kile ninachokitafuta: mtu wa kumwambia kwamba aliyekosa bado ni wetu.

Wewe ndiye uliyenifundisha kulinda zamu yetu ya maji. Ulinisimamisha kwenye mfereji na jembe lililonizidi urefu, ukaniambia jirani akija kuyageuza maji nisimtukane, nimsalimie tu na nisiondoke. "Ukisimama hapo hata simba ataomba ruhusa," ulisema. Simba hakuja. Alikuja jirani, akanisalimia, akanitazama kidogo, kisha akarudi alikotoka. Ulinibeba mabegani mpaka nyumbani ukitangaza kama wale wa mpira redioni: Kendi anao, Kendi anamzunguka beki, Kendi anaingia ndani ya boksi. Baba alicheka hadi akaweka kikombe chini. Nimeyaandika haya ili ukumbuke kwamba baba aliwahi kucheka kwa sababu yako. Siku hizi hata mimi naona vigumu kuamini.

Sijui ni lini mpira ulikoma kuwa mpira. Nakumbuka tu kwamba ulianza kuutazama bila kushangilia. Timu uliyoipenda tangu utotoni ikifunga, ulikunja uso, kwa sababu kwenye simu ulikuwa umeiwekea dau ile nyingine. Baadaye zikaja mashine za kamari kwenye yale maduka karibu na stendi yenu ya boda boda. Nikitoka shuleni nilikuona umeziinamia pamoja na watoto wa shule ya msingi, wao wakiwa na sare. Bangi ilifuata kimyakimya. Uliniambia mwenyewe kwamba ulivuta ili upate usingizi baada ya kupoteza pesa.

Mfereji ulipokauka, baba alinunua pampu ya kuvuta maji mtoni. Siku ulipoiuza, nyanya zilikuwa zimeanza kuiva. Baba hakukupiga. Alisema, "Huyu si wa nyumba hii tena," akaenda shambani kung'oa miche iliyokuwa ikinyauka. Na polisi walipokukuta na misokoto nyuma ya soko la mifugo, habari zilimfikia akinoa panga. Aliendelea kunoa.

Tangu hapo jina lako halitajwi mezani. Mama hulitaja akiwa kwenye kibanda chake cha miraa mjini, wateja wakipungua. Anasema nawe kama vile umesimama pale. Nilipomsikia mara ya kwanza niliogopa. Siku hizi namwacha amalize.

Ni wakati huo ndipo Mama Kijiko alipokuja. Kwa kuwa ulikuwa ndani, acha nikueleze. Anaitwa Bi. Akiru, muuguzi mstaafu kutoka Ngaremara. Aligombea uwakilishi wa wadi kwa chama kidogo mno, ambacho alama yake ni kijiko. Alipopanda juu ya pikapu pale sokoni, kabla hajasalimia, kijana mmoja alimwambia, "Mama, kijiko tumekiona, uji uko wapi?" Watu walicheka sana. Naye alicheka, akamwambia uji hauchemki kwa kuangaliwa, alete kuni.

Kisha akasema mambo ambayo sijawahi kumsikia mgombea akiyasema. Alisema kibali cha duka hutoka kaunti, kwa hiyo kaunti inaweza kukataa kumpa kibali mwenye duka aliyeweka mashine ya kamari karibu na shule. Alisema anayecheza kamari hadi akauza kitanda hana tofauti na mgonjwa aliyewahi kumhudumia wodini, ila huyu hakuna anayempima joto. Kuhusu bangi, alikiri kwamba sheria yake haitungwi na wadi wala kaunti, na anayewaahidi kuibadilisha akiwa mwakilishi wadi anawadanganya. "Lakini hospitali ni ya kaunti," alisema. "Hakimu anampeleka mtoto wako jela kwa sababu hatujamjengea mahali pengine pa kumpeleka. Mimi naomba kura nikadai wodi ya kuwatibu. Anayeuza, huyo mambo yake na polisi. Anayevuta, nirudishieni nimtibu."

Shuleni tumefundishwa kupima hoja, na hoja ile niliipima nikaona inasimama. Lakini watu hawakuipima. Kijana yule akauliza, "Kwa hivyo ukishinda tutavuta bure?" Bi. Akiru akamwambia, "Wewe unavuta bure tangu zamani, uliza wenzako unaowaomba misokoto." Mwingine akauliza, "Na miraa je?" Hapo watu wakasogea karibu, maana nusu ya mashavu yalikuwa yamejaa. Alijibu polepole kwamba anajua miraa imesomesha watoto wengi waliosimama pale, nami nikiwa mmojawao, na hawezi kuitukana. Lakini mtoto anayekesha nayo badala ya kulala, na huyo pia angependa kumwona. Ni jibu lililowaudhi watu wa pande zote.

Alipokuwa akishuka, mama alipenya katikati ya watu akamkabidhi ncoolo.

Wewe unaijua, ila wasomaji wengine huenda hawaijui. Kwetu Wameru, ncoolo ni miraa iliyochaguliwa kwa uangalifu, ikafungwa ndani ya jani la mgomba, ikapelekwa kwa mtu unayemwomba jambo zito. Akiifungua, amekubali ombi. Asipotaka, anairudisha kama ilivyo. Na hufungwa na wanaume kwa jina la nyumba. Hii mama aliifunga peke yake jikoni, baba akiwa kanisani, na mimi nilimshikia jani.

Bi. Akiru ni Mturkana. Alidhani amepewa zawadi. Alishukuru, akawapa vijana waliokuwa wakimbandikia picha, nao wakalirarua lile jani na kuanza kutafuna. Mzee mmoja muuza miraa alishika kichwa. "Mama, mmefungua? Basi umekubali."

"Nimekubali nini?" akauliza.

Mama akamwambia mbele ya watu wote kwamba mwanawe yuko rumande kwa misokoto ya bangi, baba yake amemkana, na hakuna mtu wa kusimama naye kortini. Vijana waliacha kutafuna. Bi. Akiru akaokota lile jani lililoraruka, akalikunja. "Ningejua ningeuliza kwanza," alisema. "Lakini imeshaliwa. Nitakuja."

Uchaguzi ulipita. Alishindwa vibaya. Nadhani hata wale waliotafuna miraa ya mama walimpigia kura mtu mwingine. Mashine bado zinalia pale madukani, wodi haipo, na yule aliyeshinda hajazungumzia lolote kati ya hayo. Nilimwambia mama asitarajie kitu, kwa sababu wagombea waliotuahidi wakiwa na matumaini hawakurudi, seuze aliyeshindwa.

Lakini alikuja. Siku ulipokiri kosa, yule mama mwenye leso ya kijani kwenye benchi la nyuma, ambaye labda ulidhani ni mzazi wa mwingine, ni yeye. Alimsikia hakimu akisema kwamba kabla ya kukuhukumu anataka ripoti ya afisa wa urekebishaji tabia. Akamtafuta afisa huyo, akamwuliza ripoti ile hutegemea nini. Aliambiwa inategemea mambo mengi, lakini la kwanza ni kama nyumba ya mshtakiwa itampokea. Nyumba ikikataa, hakimu hana pa kukurudisha.

Mwenda, unajua nyumba ni nani.

Jana walikuja wote wawili. Baba aliwakaribisha kwa heshima, akawapa viti, akamwambia mama alete chai. Afisa aliuliza kuhusu shamba, kuhusu shule yangu, kuhusu tabia yako ulipokuwa mdogo. Baba alijibu yote. Kisha akaulizwa kama ukiachiliwa utarudi hapa. Alitazama mlangoni. Chai ikaanza kupoa, na afisa akafungua kalamu akaifunga. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma ya mama, nikaona mgongo wake unavyopanda na kushuka, nikajua kwamba baba akisema hapana, ni mama tutakayemzika.

Ndipo Bi. Akiru alipozungumza. Alisema, "Mzee, sikuja kukufundisha kulea. Nilifungua ncoolo ya nyumba hii bila kujua maana yake. Kura nimekosa, lakini hii bado iko mikononi mwangu. Nataka nijue tu, nilipewa na nani?"

Baba hakuwa amejua; hakuna mtu wa sokoni aliyethubutu kumtajia jina lako. Aligeuka akamtazama mama. Mama hakuinamisha uso. Kila mmoja pale aliielewa njia iliyobaki. Baba angeweza kusema kwamba mwanamke aliifunga bila ruhusa, na kwa hiyo haikuwa ncoolo, ni majani tu. Lingekwisha hapo. Mama angeaibika mbele ya watu wote wa hapa kwetu Burat, na Bi. Akiru angekuwa huru kwenda zake. Lakini akisema ni ya nyumba, basi nyumba ndiyo iliyokuombea, na haiwezi tena kukukana.

Baba alinyanyua kikombe, akakirudisha bila kunywa. Akasema, "Ilifungwa na nyumba hii."

Afisa aliuliza aandike nini. Baba akamwambia, "Andika ulivyosikia," akatoka. Mama aliketi chini sakafuni palepale, chai ikiwa mkononi. Bi. Akiru alimchukulia kikombe, akaketi naye.

Sijui kama hayo yanatosha. Afisa ameniambia hakimu si lazima afuate ripoti. Mahali pa kutibiwa ni mbali na hapa, na foleni yake ni ndefu. Pampu haijarudi. Tangu jana sijamwona baba akimlaumu mama. Nimesali mpaka maneno yameniishia, nikaamua kukuandikia wewe, kwa sababu sasa kuna jambo moja ambalo si baba, si mama, si hakimu anayeweza kulifanya.

Utaulizwa kortini kama uko tayari kutibiwa na kurudi nyumbani. Nakujua, Mwenda. Ukiogopa hutania, na ukiaibika husema hujali. Nakusihi siku hiyo usitanie. Baba amesema maneno manne, na sidhani ana mengine. Wewe unahitaji moja tu. Sema ndiyo, kwa sauti ambayo hata aliye nje ya mlango ataisikia, kwa sababu baba ameomba ruhusa ya kukosa zamu yake ya kanisani siku ile ya kesi, na hajatuambia anakwenda wapi.

Mungu akulinde humo mpaka tukuone.

Mdogo wako anayekungoja,
Kendi