Upande wa Kaka

Tarehe 4 Februari

Shemeji mpendwa,

Salamu nyingi. Habari za huko kwa binti? Kifua kimetulia? Mimi mzima, ila dole gumba nililigonga kwa nyundo, ndiyo maana mwandiko unatambaa kama siafu.

Najua hupendi kusikia habari za mashua. Mwaka unakaribia tangu tumzike kaka, na ulipoondoka ulisema mashua ile ilikula siku zake zote za mwisho, wewe ukabaki kupasha chakula moto. Lakini nimeiendeleza, na nimekwama.

Unakumbuka aliichora mwenyewe kwenye daftari: mashua ndogo ya kuvulia, ya watu wawili, vipimo vyote kwa shibiri. Mataruma ya upande wa kulia, yaani zile mbavu, aliwahi kuyamaliza. Ya kushoto nimeyakata mimi kwa kufuata daftari neno kwa neno. Jana akapita Fundi Domo, akafumba jicho moja, akacheka mpaka akakaa chini.

"Bwana we, hii mashua au shavu la mwenye jino bovu? Upande mmoja umevimba, mwingine umenywea! Ulipima kwa shibiri ya nani?"

"Yangu."

"Na huku?"

"Ya kaka."

Hapo akaacha kucheka. Mkono wa kaka unaujua. Akishika chungwa, chungwa halionekani.

Fundi anasema taruma langu fupi haliwezi kurefuka, bali refu la kaka linaweza kupunguzwa. Mbao ngumu nyingine sina. Hata kiti cha nyuma kaka alikipigilia chini mno. Nikikaa, magoti yananigonga kidevu. Nadhani ugonjwa ulikuwa umeshamchosha. Hicho nacho nitakiinua.

Sitaki kutia msumeno kwenye kazi yake bila ruhusa yako. Unasemaje?

Shemejio


Tarehe 27 Februari

Shemeji,

Barua imefika. Sisi wazima. Kifua ni kile kile.

Ruhusa ya nini? Miezi mitano nilimwita aje ale, akajibu "nakuja", huku randa inaendelea kulia. Alipokuja kulala hakuinuka tena. Punguza, pasua, chemshia chai. Mimi nisiulizwe tena.

Mjane wa kaka yako


Tarehe 30 Aprili

Shemeji,

Hujambo? Dole gumba limepona? Miezi miwili hujaandika, na wewe hata mafua huwa unayaandikia barua.

Kama umeshakata, usiniambie. Kama hujakata, usikate.

Juzi nilikuwa natafuta sindano sandukuni, nikakuta shati lake. Mfukoni mna vumbi la mbao. Nimelimimina kiganjani, nikashindwa kulitupa, nikalirudisha mfukoni.

Ufunguo wa nyumba ni huu, nimeushonea kwenye kitambaa usitoboe bahasha. Ingia chumbani, ukifungue kitanda chetu. Mbao za ubavuni ni ngumu na nene. Si wewe uliyetutania wiki ya arusi, "Shemeji, humu mnalala au mnafunga ng'ombe?" Zikate hizo. Mimi huku nalalia kitanda cha chuma cha binti, na usingizi napata.

Ufagie kabla hujatoka.

Shemeji yako


Tarehe 19 Juni

Shemeji yangu,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kifua kinakuacha ulale. Ufunguo ulifika salama. Nimefagia.

Nitakuambia ingawa ulikataa. Nilikata. Msumeno uliingia upana wa kidole kwenye taruma la kwanza la kaka, kisha mkono ukagoma. Nilikaa kimya kwa sababu sikujua niandike nini, kwamba nimekutii au nimekukaidi. Kovu nimeliziba kwa lami. Ukipitisha kidole utaliona.

Mbao za kitanda zimetoa mataruma sita ya kushoto, na safari hii nimepimia yale ya kwake, si mkono wangu. Fundi Domo amefumba jicho tena. "Haya," akasema, "sasa pua iko katikati ya uso."

Liko jambo moja. Siku ya kufungua kitanda nilichoka, nikaingia jikoni, nikaketi kwenye kigoda chako, kile alichokuchongea kaka akisema Mfupi wake asining'inize miguu. Magoti yakanigonga kidevu.

Nikakibeba mpaka kwenye mashua, nikakisimamisha kando ya kiti cha nyuma. Vimelingana. Hata ukucha haukupita juu wala chini. Fundi akaniuliza mbona nimeketi chini kwenye takataka za randa, nikamwambia napumzika.

Miezi yote mitano, Shemeji, daftari lilisema watu wawili, na mimi nikadhani wa pili ni mimi.

Kiti sikukiinua. Tunaishusha majini asubuhi ya tarehe mosi Agosti. Mimi nitakaa katikati, kwenye makasia. Cha nyuma kitakwenda kitupu. Sikuiti, safari ni ndefu na kifua chako nakijua. Ila asubuhi hiyo, ukiketi kunywa chai, unikumbuke.

Shemejio