Bonde Nililochonga Kwenye Gitaa Lako

Mwalimu Gaudensi,

Kanisani kwetu tunafundishwa kwamba marehemu hasikii kitu. Kanisani kwenu mnamwombea miaka na miaka, kwa hiyo nadhani mnaamini kuna sikio linalobaki. Leo nimeazima imani yenu, kwa sababu nimekukasirikia na sitaki kuongea na ukuta.

Ni mwezi wa tano sasa tangu tukuzike. Mvua zilikwisha, upepo wa kiangazi umeanza, ule unaopasua midomo, na hapa karakana nafungua mlango mmoja tu. Mahindi yako alivuna binamu yako Leonsi, alikuja kutoka Msanzi na watu wake wakamaliza kwa siku mbili. Remi, binti yako mkubwa, amejifunza kupikia umati wa watu, jambo ambalo mtoto wa umri wake hakupaswa kulijua. Pasaka kwaya yenu iliimba bila besi. Mpiga kinanda alijitutumua kwa mkono wa kushoto, lakini hata mimi niliyekuwa nimesimama nje na baiskeli yangu nilisikia kwamba wimbo hauna sakafu.

Halafu Jumatatu iliyopita Oswald alikuja na gitaa lako la besi mgongoni. Yule katekista mnene, ndiye waliyempa nafasi yako. Alilivaa mbele yangu, akanionyesha linavyomsumbua. Lile bonde nililochimba nyuma ya gitaa, upande wa mbavu, kwake halina kazi. Tumbo lake linaingia humo, gitaa linapinda, ukingo unamkata. Akasema, "Fundi, lijaze hili. Rudishia mbao, gitaa likae kama magitaa mengine." Akaongeza kwamba sauti nayo imekuwa nyembamba mno, eti inasikika kama mtu anayeongea na mafua.

Nililipokea. Nimelitundika juu ya benchi na kila siku nafanya kazi nikiwa nimelipa mgongo. Kujaza ni kazi ya asubuhi moja. Ila nikishika patasi tu, mkono unakataa, na hasira zinanipanda. Ndiyo maana nimekaa kukuandikia.

Unakumbuka tulivyoanza? Uliniletea kiti cha ofisi ya mwalimu mkuu, mguu umevunjika. Ukakaa juu ya mbao zangu ukilalamikia besi ya zamani ya kwaya: nzito, kichwa kinaanguka, kila ukiachia mkono wa kushoto shingo inakwenda chini. Mlikuwa mmetoka kupiga kwenye harusi Kasanga, ukasema bega lako lilibaki kule ziwani. Nikacheka. Wewe ukaniangalia kwa dharau ya kiualimu ukasema, "Unatengeneza makabati yenye milango sita, gitaa linakushinda nini?"

Ungeninyamazia siku ile, Mwalimu, leo ningekuwa seremala wa makabati tu, nina amani yangu.

Nilikupima kwa futi kama fundi cherehani. Kichwa hadi nyayo, bega hadi nyonga, kiwiko hadi ncha ya kidole, upana wa mbavu. Nilichora yote nyuma ya kalenda nikaibandika ukutani, nawe ukaandika jina lako juu yake kwa mwandiko wa ubaoni. Mwili wa gitaa ukataka uwe mninga. Nikakuonya kwamba mninga ni mzito, ukasema hujali, unataka sauti inayoanzia kwenye nyayo. Basi tukatafuta wepesi kwingine. Shingo nikaifanya nyembamba kwa ajili ya vidole vyako vifupi vya kushika chaki. Ile pembe ya juu nikairefusha ili mkanda uishike mbele zaidi, kichwa kisianguke. Na ile sumaku inayonasa mtetemo wa nyuzi, tulipigana wiki nzima. Nikiisogeza kwenye shingo, unasema sauti imevimba. Nikiirudisha nyuma, unasema imekuwa kali. Wiki nzima, kwa upana wa kidole kimoja! Nilikuita mtu wa ajabu mbele ya wateja.

Siku ulipolipiga mara ya kwanza, vikombe vya chai vilitembea mezani. Mama anayeuza uji jirani alikuja mlangoni na mwiko wake akauliza kama kuna lori limesimama. Ulisimama palepale katikati ya maranda, mikono yote miwili ukaiachia, na gitaa likakaa. Halikuanguka, halikuuma popote. Sijawahi kufurahi namna ile kwa ajili ya kabati.

Kisha kiangazi cha mwaka jana ukaja ukaweka kidole chini ya mbavu za kulia. "Fundi, punguza hapa kidogo."

Sikuona ajabu. Gitaa la besi linaegemea hapo hasa, na mafundi wazuri huchonga hapo ili mbao isimguse mtu vibaya. Nikachonga. Ukashukuru. Baada ya mwezi ukarudi na kidole kilekile. Nikachonga tena. Ukarudi. Nikaviringisha ukingo wa juu mkono ulale, nikasogeza kishikio cha mkanda ili gitaa likae upande wa kushoto zaidi. Ukarudi. Ukaanza na utani, ukaliita Bonde la Rukwa, ukasema nikiendelea hivyo tutapanda mpunga humo kama watu wa Mtowisa. Nilicheka, Mwalimu. Nilikuwa nacheka huku nachimba.

Nilikwambia kila nikitoa mbao sauti inapungua. Nilikwambia mara tatu. Na wewe, uliyenisumbua wiki nzima kwa upana wa kidole, ukajibu, "Iache ipungue." Hapo ndipo nilipotakiwa kuweka randa chini nikutazame usoni. Sikukutazama. Nilitazama mbao.

Ukaenda Mbeya kutafuta nyuzi. Hivyo ndivyo ulivyoniambia. Ulirudi na nyuzi kweli, na bahasha kubwa ya kaki uliyoiweka chini ya koti. Mimi nikafurahia nyuzi. Nilikuja kwako jioni kuzifunga, mkeo akatutengea ugali wa ulezi na migebuka, na mama yako na kaka zako wakawa wanaongea Kifipa kwa sauti ya chini. Mimi wa Mbeya, miaka kumi na moja Sumbawanga, nimejifunza salamu tu na kuagiza chakula. Nikakaa pale natabasamu kama mgeni, nikasifia samaki. Kumbe mlikuwa mnaongelea ini lako.

Jeneza lako nililichonga mimi, sikuja na futi. Watu walishangaa seremala anachonga jeneza bila kuja kupima. Vipimo nilikuwa navyo ukutani, kwa mwandiko wako mwenyewe.

Tukatoka makaburini na matope hadi magotini, tukakaa nyumbani kwako. Ndipo Leonsi akaanza utani wake. Kwetu pia watani hufanya hivyo msibani, na najua ni haki yake kama binamu yako. Alichukua mwiko mkubwa wa jikoni akaufunga kanga ukawa na mkanda, akauvaa. Akasimama kama wewe, magoti yamelegea, kichwa pembeni. Akapiga nyuzi zisizokuwepo. Kisha akabana kiwiko kwenye mbavu za kulia, akakunja uso, akaita kwa sauti yako kabisa: "Fundi! Punguza hapa kidogo!"

Watu wakaangua kicheko. Mama yako alicheka huku anafuta machozi. Leonsi akaona amepata, akaendelea: "Madaktari wa Mbeya wameshindwa, lakini msihofu, tuna Fundi anatibu ini kwa randa!"

Wote, Mwalimu. Wote walikuwa wanakijua kichekesho hicho. Haikuwa mara ya kwanza kukisikia. Ulikuwa ukitoka kwangu unakwenda nyumbani kuwasimulia, na wao wanacheka, na mwezi unaofuata unarudi na kidole chako. Mimi peke yangu ndiye niliyekuwa nasikia habari ya ini kwa mara ya kwanza, nimeshika sahani ya wali, na macho ya watu sitini yananitazama kuona kama nitacheka.

Nilicheka. Mtani akishatania huna njia nyingine. Wazee walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Wewe hakikukuumbua, kimeniumbua mimi.

Nilikaa mwezi mzima bila kukanyaga kwako. Mkeo ndiye aliyekuja karakana. Sikumkaribisha vizuri, nakiri. Nikamwuliza moja kwa moja kwa nini mlinicheza shere. Hakukasirika. Alisema, "Shemeji, nyumbani kila mtu alikuwa anamtazama kama maiti. Mama anachemsha mizizi, mimi nasali, watoto wananyata. Akitoka kwako, anakaa mezani anakula. Anasema, leo Fundi amenigombeza. Siku hizo tu ndizo alizokuwa anakula."

Maneno hayo yalinituliza siku moja. Siku ya pili nikawaza: kwa hiyo alikuwa anakula kwa ujinga wangu. Ujinga wangu ulikuwa kitoweo. Na mimi, nani aliniuliza kama nataka kuwa dawa? Ungeniambia ningekuchongea vilevile. Ningechonga nikijua nachonga nini. Ningekubebea gitaa hadi kanisani. Ningepanda na wewe basi la Mbeya, kule ni kwetu, nina ndugu pale, usingelala kwenye korido ya hospitali. Mambo haya yote ulininyima, ukaniachia maranda nifagie.

Nimezunguka sana. Nimekulaumu wewe, nimemlaumu Leonsi, nimelaumu na Kifipa chenu. Sasa niseme lile ambalo hata mkeo halijui, kwa kuwa tulikuwa wawili tu.

Mara ya mwisho ulikuja Jumamosi, mvua inanyesha. Ulikuwa umekonda na macho yamekuwa ya njano, nami nikadhani ni malaria. Uliweka kidole palepale. Nilikuwa nimeshachimba hadi ukabaki unene wa ukucha tu kufika kwenye nafasi ya nyaya. Nikipunguza tena, patatoboka. Nilikuwa na meza ya watu ya kumaliza, na nilikuwa nimechoka kuharibu kazi nzuri kuliko zote nilizowahi kufanya. Nikakurudishia gitaa mkononi nikasema, "Mwalimu, gitaa hili limekwisha. Kama bado linakuuma, basi kosa si la gitaa. Kosa ni la mwili wako."

Ulinitazama kidogo. Kisha ukacheka, ukasema, "Kweli, Fundi." Ukalifunika kwa koti lako lisilowe, ukaondoka mwenyewe unalowa. Hukurudi tena. Wiki tatu baadaye walinipigia simu.

Hicho ndicho kinachonizuia kushika patasi. Usiku na mchana natafuta namna ya kukukasirikia zaidi, ili sentensi ile iwe ndogo. Haiwi ndogo. Nawe hukuisimulia nyumbani, maana Leonsi hakuiigiza. Kila kichekesho changu uliwapelekea, hicho ukakaa nacho. Sijui kama ulinihurumia au nilikuumiza, na aliyekuwa na jibu nimemfunika kwa mbao nilizopiga randa mwenyewe.

Oswald atarudi Jumamosi. Nimetafuta, kile kipande cha mninga kilichobaki kwenye ubao wako bado ninacho. Rangi ni ileile, mistari ya mbao ileile, nitakigeuza kiifuate na hakuna atakayeona kiungo. Nalijaza, Mwalimu. Wala si kwa kuwa nimekusamehe. Gitaa uliliachia kwaya, na kwaya inataka sauti ile ya kwanza, iliyotembeza vikombe. Nalijaza kwa kuwa hurudi.

Nakuahidi nitalifanya vizuri. Nakuahidi pia kwamba Oswald nitamuuliza panapomuuma na tangu lini, na akinidanganya nitamsindikiza hospitali kwa nguvu, pamoja na unene wake na ukatekista wake. Mwezi wa kumi na moja, wa kanisani kwenu watakapokwenda kusafisha makaburi ya marehemu wao, nitakuja na jembe langu, ingawa kwetu si desturi. Leonsi atatania, na nitamwacha atanie.

Kwaheri, Mwalimu wangu. Bado nina hasira na wewe. Lakini ungetokea hapo mlangoni sasa hivi na kidole chako, ukasema bado, ningelishusha gitaa nikaanza kuchonga bila neno, patoboke panapotoboka, hadi zibaki nyuzi tupu.

Ni mimi,
Fundi