Chapa ya Kwetu Juu ya Bawa

Abaayo Fatuma, dada yangu,

Assalaamu alaykum wa rahmatullah. Barua hii ikikukuta mzima, na koo lako limepona vumbi la chaki, nitashukuru. Na wazazi wetu je, goti la Hooyo linasemaje siku hizi? Na Aabo, bado anabishana na redio? Mvua imefika Griftu, au imeishia tena Buna na kuwaonyesha ninyi mawingu tu? Mimi ni mzima, alhamdulillahi, ukiacha vidole viwili vya mkono wa kushoto vilivyoumwa na baridi, na hiyo ni kwa ujinga wangu mwenyewe. Habari yake inakuja.

Najua umeshangaa kuona karatasi wakati simu zipo. Kuna jambo nimejaribu kulisema kwenye simu mara mbili, na mara zote mbili nikaishia kuuliza habari za mbuzi. Naandika kwa Kiswahili kwa kuwa ndicho ulichonifundisha kuandika, kwa mkaa, kwenye ukuta wa jikoni, mpaka Hooyo akatufukuza. Kisomali changu ni cha mdomo tu. Kwa hiyo weka kalamu yako nyekundu mbali, mwalimu, unisome kama dada.

Mwezi uliopita Aabo aliniambia kwamba malisho yakishika na ngamia wakinona, atawapeleka wote sokoni Griftu. Miguu yake imechoka, na mimi niko mbali. Nikamwambia, baba, Fatuma yupo, amekuomba umwachie, ana mchungaji wake na anamjua kila ngamia kwa jina. Akacheka kile kicheko chake cha puani. "Fatuma ni mwalimu mzuri," akasema, "lakini aliyempoteza Adey sitamkabidhi kamba ya ngamia mwingine." Nikanyamaza. Abaayo, nilinyamaza tena.

Sasa nipe nafasi nizunguke kidogo, nitafika.

Hapa Kanada bado niko kwenye kile kiwanda cha viazi. Nasimama kutwa ndani ya chumba cha kugandisha, nikiangalia chipsi zinaingia kwenye mifuko. Ndani baridi, na nikitoka nje nakuta baridi kubwa zaidi inaningoja mlangoni. Mwaka wa kwanza nilikuwa narudi chumbani, naswali, nakula, nalala. Wiki ilikuwa inapita sijasema sentensi ndefu kwa mtu yeyote. Nilikuwa mpweke, na kwenye simu nilikuwa nawadanganya.

Kilichonitoa ni ndege. Chini yangu anaishi mzee mmoja mstaafu, Walter, aliyekuwa fundi saa. Siku moja nilipita dirishani kwake nikaona bawa refu limelala mezani, mbavu zake zote wazi, na taa inapita katikati yake. Nikasimama kwenye theluji nikilitazama mpaka akafungua mlango akaniuliza kama ninataka chai au ninataka kufa. Nikaingia. Tangu siku ile sijatoka vizuri.

Ni ndege ndogo, abaayo, mabawa yake ni mapana kama mikono yangu nikiinyoosha yote miwili, na inaendeshwa kwa rimoti kutoka chini. Mbavu unazikata kwenye mti uitwao balsa, mwepesi hata ukikohoa zinakimbia mezani. Unazipanga, unazitia gundi, unazishika kwa pini, unasubiri. Juu yake unavuta plastiki laini na kuipiga pasi mpaka ikaze. Mkiani unaweka vimota vidogo, kila kimoja saizi ya tende, vinavyokunja mkia ukigusa rimoti. Puani unaweka mota kubwa na pangaboi. Ya kwangu ilinichukua miezi mitatu. Nikiwa kiwandani, chipsi zikipita mbele yangu, nilikuwa naziona zile mbavu zikipita badala yake, moja moja, zikienda kujipanga.

Ndege ilipokaribia kwisha, Walter akaniambia nilipake tumbo rangi nyekundu. Nikakataa. Nikamwambia hii itakuwa nyeupe yote, pua hadi mkia. Kwetu mnyama mweupe ndiye anayeonekana. Panda kichuguu popote kuanzia Griftu, kwenye mchanga mwekundu na miiba ya kijivu, jicho litamkuta yeye kabla ya wengine. Walter akatazama nje dirishani, akatazama ndege yangu, akanywa chai yake. Juu ya bawa la kushoto nikachora kwa rangi nyeusi chapa ya ngamia wetu, kulabu na vistari viwili chini yake. Nikampa jina Adey, kama yule ngamia wetu mweupe.

Najua hapa umesimama. Endelea kusoma.

Tunarushia kwenye ziwa. Usicheke, ziwa limeganda, watu wanapita juu yake na magari. Magurudumu tunayatoa na kuweka vijibao vya kutelezea. Mikono na rimoti vinaingia pamoja kwenye mfuko mnene wenye kidirisha, ili vidole visigande. Betri ndiyo yenye deko kuliko vyote. Ikipata baridi inakata ghafla bila kuaga, kwa hiyo unaivaa kifuani chini ya sweta mpaka dakika ya kuruka. Mimi huwa naifunga na kitambaa, vile Hooyo alivyokuwa akimfunga mwanambuzi aliyezaliwa alfajiri ya baridi. Walter ameniona hivyo na sasa anafanya vilevile.

Siku Adey aliporuka mara ya kwanza nilimweka barafuni mwenyewe. Aliteleza juu ya barafu, akatikisika, kisha ile sauti ya kuparuza ikakoma, na nikajua ameachana na ardhi. Jua lilikuwa chini, la rangi ya maziwa. Hapakuwa na upepo. Nikamgeuza taratibu juu ya miti, akanirudia, akapita juu ya kichwa changu na kivuli chake kikanipitia usoni. Nikasahau viazi. Nikasahau miaka. Ziwa lile jeupe halikuwa na mwisho wala mwanzo, na kwa muda mfupi, wallahi, lilikuwa ile mbuga yetu saa sita mchana, wakati joto linaifanya nchi yote ipauke na ngamia wanatembea juu ya maji yasiyokuwepo. Nilisikia hata harufu ya vumbi. Walter aliponigusa bega nilimjibu kwa Kisomali.

Nilimrusha hivyo kila Jumamosi, mpaka Jumamosi moja ya mawingu. Anga lilikuwa jeupe, ardhi nyeupe, na mstari kati yake umefutika. Walter alisema tusubiri. Mimi sikutaka kusubiri, nilikuwa nimemwota wiki nzima. Akapanda, akazunguka mara mbili, na mara ya tatu nikapepesa macho. Alikuwa hayupo. Mota nilikuwa naisikia, juu, mahali fulani, mnyama mweupe ndani ya weupe, na mimi niko chini nabonyeza rimoti kama kipofu. Walter hakusema "nilikwambia". Ingekuwa afadhali angesema. Halafu betri ikakata, na pakawa kimya.

Nilikijua kile kimya. Nimewahi kukisikia.

Tulimtafuta mpaka giza likatufukuza. Nilivua glavu ya kushoto nikatia vidole mdomoni nikapiga mbinja ile ya kuwaita ngamia kutoka malishoni, tena na tena, kuelekea kila upande. Kumwita kitu cha mti na plastiki! Ndipo vidole vikaungua na baridi, na Walter akanivuta mkono hadi kwenye gari.

Ijumaa iliyofuata nilikwenda kuswali. Msikiti wetu ni chumba juu ya duka la viatu, una Wasomali, Warundi na jamaa wachache wa Mombasa, kwa hiyo matangazo yanatolewa kwa Kiswahili. Baada ya swala akasimama mtu mmoja wa makamo, ami wa vijana wote, Adeer Noor, mwenyeji wa Diff huko kwetu, anayeendesha gari la kusukuma theluji barabarani.

"Waislamu, ngojeni kidogo," akasema, kwa ule ulimi wa kwetu unaogeuza p kuwa b. "Mimi nimebata mnyama amebotea."

Watu wakatazamana.

"Mimi si wazimu. Iko na mabawa, lakini iko na chaba. Kitu iko na chaba, iko na mwenyewe. Mwenyewe aseme chaba. Rangi asiseme, rangi kila mtu anaona."

Chumba kizima kikaangua kicheko. Mimi nikasogea mbele, nikapiga goti, nikachora kwa kidole juu ya zulia: kulabu, na vistari viwili chini yake.

"Bande gani?"

"Kushoto."

"Basi fizuri, ni yako." Lakini mtu wa Diff harudishi mnyama bila kumaliza utaratibu. Akauliza lile swali la mwisho, ambalo wewe na mimi tumelisikia kisimani mara nyingi kabla kamba haijahama mkono: "Siku ya kubotea, nani alikuwa anachunga yeye?"

Walizidi kucheka. Kidole changu kilikuwa bado juu ya ile chapa.

"Mimi," nikasema. "Nilikuwa nachunga mimi."

Nikaanza kulia mbele ya watu, juu ya zulia, mtu mzima mwenye ndevu. Adeer Noor akadhani nalilia ndege. Alikuwa ameikuta kando ya barabara ng'ambo ya ziwa, bawa moja tu limepasuka. Akaniambia, "Kijana, wacha, hii inatengenezwa." Ile nyingine ndiyo nilikuwa sijui kama inatengenezwa.

Yanayofuata wewe unayajua. Nayaandika kwa sababu hii ndiyo sehemu ya kusomewa Aabo.

Siku Adey alipopotea ilikuwa zamu yangu. Nilikuwa na miaka tisa. Fatuma alikuwa ameenda kuteka maji. Nilikuwa nimekata dumu la mafuta ya kupikia nikalifanya ndege, nikawa nairusha kutoka juu ya kichuguu, naikimbilia, napanda tena. Adey alikuwa na koor shingoni, kengele ya mti ambayo hata mtoto mdogo angeifuata. Sikuisikia, kwa kuwa nilikuwa nanguruma kwa mdomo, sauti ya injini. Nilipochoka kunguruma palikuwa kimya. Aabo, uliporudi uliuliza, "Nani alikuwa akimchunga?" Nikasema, "Fatuma." Fatuma akatokea na maji mgongoni, akanitazama, akaona ninavyoificha ndege yangu nyuma ya mgongo, akainama akatua dumu. Hakusema kitu. Ukamtoa shuleni mwaka mzima akachunge ili ajifunze. Ulikuwa mwaka wake wa mtihani. Wenzake walikwenda sekondari Garissa, yeye alikuwa nyuma ya ngamia na kitabu kimefichwa ndani ya shali. Mwaka ule ndipo alipowajua ngamia wako mmoja mmoja, kwa jina na kwa mama zao. Hakupotea hata mmoja. Mimi ndiye niliyempoteza Adey, Aabo, halafu nikampoteza Fatuma mbele ya macho yako, na nimekaa kimya mpaka nimeota ndevu. Nisamehe. Kisha umpe kamba.

Abaayo, wewe nakuomba msamaha peke yako, hapa, nje ya sehemu ya Aabo. Sijui uliwezaje kunifundisha kuandika, mwaka huohuo, kwa mkaa uleule. Nikikumbuka hilo nashindwa kukaa kwenye kiti.

Ombi langu ni moja. Umsomee Aabo kwa Kisomali, mbele ya Hooyo, tangu "Siku Adey alipopotea" mpaka "umpe kamba". Usilainishe. Usiseme nilikuwa mdogo. Usiruke mstari. Nakujua, umenifunika miaka yote hii na unaweza kunifunika tena leo ukiwa umeshika karatasi.

Bawa nimelitengeneza, na tumbo nimelipaka nyekundu, Walter amefurahi kupita kiasi. Barua hii anaileta Adeer Noor mwenyewe. Anaenda kuwaona watu wake Diff, na ameapa atazunguka mpaka Griftu kwanza. Mpeni chai ya maziwa ya ngamia, na muwe na subira, ataomba aonyeshwe chapa.

Msalimie Hooyo, mwambie nakula na navaa soksi mbili. Msalimie bibi yetu Ayeeyo, mbusu mkono kwa niaba yangu na usimweleze mambo ya ndege, ataniombea dua ya wazimu. Wanao waambie mjomba atawafundisha kukata bawa. Mchungaji wako msalimie pia, ingawa hanijui.

Aabo sitamsalimia humu. Ijumaa ya kwanza baada ya barua kufika nitampigia baada ya swala. Sitauliza mvua wala mbuzi. Nitamuuliza, siku ile, nani alikuwa akimchunga Adey? Akinitaja mimi, nitajua umesoma yote. Akikutaja wewe, nitajua kalamu nyekundu imepita hapa.

Mdogo wako, aliyekuwa akimchunga,

Rashid