Chupa ya Daktari

Tanga, 3 Februari 1913

Kwa dada yangu Tabea,
Salamu nyingi. Mimi mzima, ila joto la huku linanikomesha. Hujambo huko Nkoaranga?

Sifagii tena kwa daktari, sasa nakata vipande! Akipasua maiti hunipa figo, naigandisha kwenye nta, naikata nyembamba kuliko ganda la kitunguu, naitia rangi ya zambarau. Kwenye hadubini rangi hiyo huigeuza nyama yote kuwa ya buluu. Ila waliokaa miaka na kidonda cha mfupa kitoacho usaha, figo zao huwa na madoa mekundu. Daktari asema hao huanza kuvimba miguu, na dawa hakuna. Jamani, mimi mtoto wa migombani! Je, kidonda chako cha nyonga kimefunga?

Kaka yako, Anaeli

Nkoaranga, 20 Septemba 1913

Shikamoo kaka. Nisamehe kuchelewa. Kidonda hakijafunga. Tangu mama afe niko peke yangu. Shangazi huniachia ndizi mlangoni, akaenda zake, kwa sababu ya harufu ya kidonda. Tangu Mei miguu imevimba, nikibonyeza kidole shimo linabaki. Barua yako nimeisoma mpaka imechanika. Usinifiche. Ni madoa yale?

Dada yako

Tanga, 9 Novemba 1913

Dada, pole sana. Figo ya mtu aliye hai haikatwi, basi nani ajue? Huenda ni maji tu. Kunywa maziwa. Krismasi nitakuja.

Kaka yako

Nkoaranga, 12 Januari 1914

Shikamoo kaka. U mzima kweli? Nilifagia uani, nikakaa mlangoni siku tatu. Hata barua hukuleta.

Dada yako

Tanga, 1 Machi 1914

Dada yangu, hujambo? Nilikudanganya. Naamini ni madoa yale, na niliona aibu kukutazama. Daktari atanilipia treni mpaka Moshi, lakini amenipa chupa ya spiriti, ya kuzuia nyama isioze: ukifa, nikate figo yako nimletee. Nisipokubali, hakuna ruhusa ya kuja. Nimekataa. Usiku silali.

Kaka yako

Nkoaranga, 2 Aprili 1914

Shikamoo kaka. Pole kwa kutolala. Uso nao umevimba, usije ukapita ukidhani ni mtu mwingine.

Mkubalie daktari. Shangazi tutamwambia chupa ni ya dawa. Nikifa, kata, mikono yako naijua, ndiyo iliyonifunga kidonda nikiwa mdogo. Nakuogopea wewe zaidi. Lakini nimechoka kuutazama mlango huu, kaka. Afadhali uje na chupa kuliko usije.

Dada yako, Tabea